Fedha ya bibi, bei ya London na faida ya sonara

Dada mmoja wa Tanga ameniandikia. Bibi yao amefariki na kuacha kasha. Ndani mna jozi ya bangili nene za fedha, mafurungu mawili ya miguuni, mkufu ulioning'inizwa riale tano za kale, mfuko wa sarafu za Mdachi na za Mwingereza, na seti ya chai "ya fedha" ambayo bibi alipewa na Mzungu aliyemfanyia kazi zamani za mashamba ya mkonge. Amekwenda kwa sonara wawili. Wa kwanza alirundika kila kitu kwenye mizani, akataja bei moja ya jumla. Wa pili alitaka kununua kwa gramu, lakini bei yake haikufika hata nusu ya ile dada aliyoiona kwenye simu. Anauliza: "Hawa wananidhulumu? Na kama hawanidhulumu, faida yao inatoka wapi, na mimi niuze vipi? Ndugu zangu wanataka tuyeyushe vyote tugawane mirathi."

Dada yangu, pole kwa msiba. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: msiyeyushe chochote. Bonge la fedha lililoyeyushwa halina alama, halina kazi ya fundi, na halina ushahidi wa lilikotoka. Kila sonara atakayelishika itambidi akisie usafi wake, naye hatakisia kwa kukupendelea wewe. Gawaneni thamani, si madini. Hata wanaogawa kwa hesabu za mirathi za dini huweza kuthamini kila kipande, mmoja akachukua bangili na mwingine akalipwa tofauti yake.

Sasa tuingie kwenye bei. Ile uliyoiona kwenye simu ni ya kweli, ila si bei ya bangili. Ni bei ya aunsi moja ya fedha yenye usafi wa 999 katika 1,000, iliyo ndani ya tofali la aunsi 1,000 hivi, karibu kilo 31, lililolala kwenye ghala London. Huko soko hutangaza bei rasmi mara moja kila siku ya kazi, saa sita mchana kwa saa zao, na kati ya hapo bei hupanda na kushuka kila dakika. Mwenye tofali hilo hahitaji kupimwa wala kusafishwa fedha yake. Anauza kwa simu. Wewe una bangili ya kale Tanga. Kati ya tofali lile na bangili yako kuna kazi, na kila mwenye kuifanya lazima alipwe.

Angalia pia hiyo aunsi. Aunsi ya madini ya thamani ni gramu 31.1. Ile ya mizani ya jikoni ni gramu 28.35, na wakia ya wazee wetu wa pwani, iliyokuwa uzito wa riale moja, ilikuwa gramu 28 hivi. Mtu akikupimia kwa moja na kukulipa kwa nyingine, karibu sehemu moja ya kumi ya mali yako imepotea bila mtu yeyote kukunja uso. Kwa hiyo wewe zungumza gramu tu.

Nitafanya hesabu kwa bei ya dola 31.10 kwa aunsi. Si bei ya leo. Nimeichagua kwa sababu hapo gramu moja ya fedha safi inakuwa dola 1 kamili, nawe utaona kila senti inakwenda wapi. Bei ya siku utakayouza utaipata kwa kugawa bei ya aunsi kwa 31.1, kisha ubadilishe kuwa shilingi.

Chukua bangili moja ya gramu 60. Fedha nyingi ya kale ya pwani yetu, kama ile ya Oman, ilitengenezwa kwa kuyeyusha riale za Maria Theresa, mtawala wa Austria wa zamani. Riale hiyo ina uzito wa gramu 28.07 na usafi wa 833, yaani fedha safi iliyomo ni gramu 23.39 na iliyobaki ni shaba kwa sehemu kubwa. Basi bangili yako, ikiwa fundi hakuongeza kitu, ina fedha safi gramu 50, sawa na dola 50. Hapa tayari umeona kwa nini kuzidisha gramu 60 kwa bei ya simu kunakupa ndoto. Lakini fundi mara nyingi aliongeza kitu. Kila kiungo kimeshikwa kwa lehemu, na lehemu ina fedha kidogo kuliko bangili yenyewe. Sonara asiye na mashine ya kupima atachukulia usafi wa 800, au 750 ikiwa kazi ina viungo vingi. Kwa 800 amekwishafika dola 48. Uchafu na upotevu wa tanuri vitakula dola moja au zaidi. Kisha fedha hiyo lazima isafirishwe hadi kwa msafishaji wa mji mkubwa, naye ana ada yake, na hapendi mizigo midogo. Kwa hiyo sonara wako huiweka kwenye kopo mpaka zifike kilo kadhaa. Mtaji wake umelala humo koponi. Akikulipa dola 36 kwa bangili hiyo, baada ya gharama zote atabaki na dola nne au tano, akingoja miezi. Kwa maoni yangu hiyo si dhuluma.

Kwa dhahabu mambo ni mepesi, na watu wengi huchanganya hapo. Dhahabu ya dola 1,000 unaificha ndani ya ngumi. Fedha ya thamani hiyo hiyo ni mzigo, na kazi ya kuipima, kuiyeyusha na kuisafisha ni ile ile. Ndiyo maana sonara anayekulipa dhahabu karibu na bei ya dunia atakata zaidi kwenye fedha, na hana haja ya kukuomba radhi.

Kuna na hofu ya bei. Januari 1980 aunsi ya fedha ilifika karibu dola 50. Tarehe 27 Machi mwaka huo huo ilianguka kutoka dola 21 na ushei hadi chini ya 11 ndani ya siku moja. Mwishoni mwa Aprili 2011 ilikaribia tena dola 49, na wiki moja baadaye ilikuwa kwenye dola 35 hivi. Wafanyabiashara wakubwa hujikinga: siku wanayonunua kwako ndiyo siku wanayouza kiasi hicho hicho kwenye soko la mikataba, yaani kwa bei iliyofungwa leo ya fedha ya kukabidhi baadaye, hivyo bei ikianguka kesho haiwagusi. Sonara wa mtaani hana mlango huo. Kinga yake ni moja tu, kununua kwa bei ya chini zaidi pale soko linaporuka. Usishangae basi kwamba siku ambayo habari zimejaa sifa za fedha ndiyo siku ambayo pengo kati ya bei ya simu na bei ya dukani ni kubwa kuliko kawaida. Subiri wiki mbili tatu soko litulie.

Turudi kwa sonara wako wa pili. Nusu ya bei ya simu, kwa kitu cha usafi wa 833, ni sawa na asilimia 60 ya fedha iliyomo. Yeye amekupa chini ya hapo. Kwa chakavu cha kuyeyusha, katika mji usio na msafishaji, mimi naona robo ya thamani halisi kubaki kwa sonara ni jambo la kukubalika, na theluthi moja ni ukingo. Akibakiza zaidi ya hapo, ondoka. Bei yake ni mbaya, ila si mbaya kama ulivyodhani. Na angalau alikuambia bei ya gramu.

Anayenitia wasiwasi ni wa kwanza, aliyerundika.

Hapo ndipo ilipo faida kubwa ya biashara hii, dada yangu, na ni sehemu ambayo wauzaji wengi hawaioni. Nimekaa miaka mingi nyuma ya meza ya sonara Mombasa. Faida ya kuyeyusha ni ndogo na inakuja polepole. Faida inayojenga nyumba ni ya kuchambua: kununua kila kitu kwa uzito kama chakavu, kisha jioni, duka likiwa limefungwa, kuketi chini ya taa na kutenga vile ambavyo havitakwenda motoni. Sarafu huku, kwa mkusanyaji. Bangili yenye kazi nzuri dirishani, kwa mtalii, au kwa dalali anayepeleka Maskati, ambako katika soko la Muttrah vito vya fedha vya kale huuzwa kwa kipande. Kinachobaki ndicho chakavu. Bangili ile ile aliyoilipia dola 36 anaweza kuiuza dola 100 bila kuiwasha moto. Ujuzi wake una haki ya malipo, silipingi hilo. Lakini anayejua kwamba hiki ni kitu cha kukusanywa, akakinyamazia na kukilipa kama chakavu, mbele ya mjane au yatima asiyejua, mimi namwita mpunjaji hata kama mizani yake haina kasoro.

Dawa yake ni wewe kuchambua kwanza, nyumbani, kabla hujavuka kizingiti cha duka.

Anza na sarafu za Mdachi. Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina uzito wa gramu 11.66 na usafi wa karibu 917, kwa hiyo ina fedha safi gramu 10.7. Zile za awali, kuanzia 1890, zilitolewa kwa jina la kampuni ya Kijerumani. Zina kichwa cha Kaisari Wilhelm II mwenye kofia ya chuma na upande wa pili simba na mnazi. Wakusanyaji wa Ulaya huzitafuta, na hulipa zaidi ya thamani ya fedha yake. Ukikuta ya rupia 2, ya 1893 au 1894, iweke peke yake ndani ya karatasi safi na usimwonyeshe mtu mpaka upate mthamini wa sarafu, kwani hizo ni adimu kweli. Ukikuta heller, sarafu ndogo za Mdachi, za shaba nyeupe au za shaba nyekundu, au zile za manjano za 1916 zilizopigwa Tabora wakati wa vita, hazina fedha hata chembe, lakini wakusanyaji huzitaka. Kwenye mizani ya sonara hazina thamani yoyote, ndiyo maana zikirundikwa na nyingine unazigawa bure.

Na tafadhali usizisugue. Najua kwetu kitu cha fedha hung'arishwa kwa majivu na ndimu, na kwa bangili sina tatizo. Kwa sarafu, ule weusi ndio ngozi yake. Mkusanyaji akiona imesuguliwa huikatia bei papo hapo, na hakuna namna ya kuurudisha.

Shilingi za Mwingereza zina hadithi nyingine. Zile za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946, zenye simba mbele ya milima, zina robo tu ya fedha: gramu 7.78 kwa uzito, na ndani yake chini kidogo ya gramu 2 za fedha safi. Za 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa. Hakuna msafishaji atakayehangaika na mfuko wa shilingi za robo fedha, kwa hiyo sonara akikuambia hazifai kuyeyushwa anasema kweli. Lakini akikuomba umwachie bure "kwa kuwa hazifai", kataa. Maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe na Mombasa huziuza moja moja kwa wageni. Florini ya 1920 ni nusu fedha, nayo usiichanganye na shilingi.

Riale za kwenye mkufu usizitarajie makuu. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki Maria Theresa, lakini ziliendelea kupigwa na mwaka huo huo Vienna, London, Bombay, Roma na kwingineko kwa zaidi ya karne na nusu baadaye. Nyingi zina thamani ya fedha yake na kidogo juu. Tena zako zimetiwa vipete kwa lehemu, na hilo huwafukuza wakusanyaji wa sarafu. Mkufu wenyewe, ukiwa mzima, ndio wenye bei. Mtu akikushauri uzing'oe riale uuze moja moja, anakushauri uharibu kitu kizuri upate vitano vya kawaida.

Mafurungu yanahitaji uangalifu wa pekee. Mengi yako wazi ndani, na mengine yametiwa lakiri au vijiwe ili yalie mtu anapotembea. Sonara atakata uzito huo, na ana haki, lakini akate kwa kipimo. Akisema "humu ndani nusu ni lakiri," mwambie anunue kwa kipande au akuachie. Na kwa kuwa mafurungu ya kale hayatengenezwi tena kwa wingi, mimi ningeyauza mwisho kabisa, au nisingeyauza.

Seti ya chai igeuze chini uangalie. Ikiwa na herufi EPNS, ni aloi ya shaba, zinki na nikeli iliyochovywa fedha nyembamba mno. Itafute mnunuzi wa vyombo, si sonara. Ikiwa na simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele ameuinua, hiyo ni alama ya Uingereza ya fedha ya 925, na birika moja la namna hiyo linaweza kuwa na fedha kuliko bangili zako zote. Namba 925 au 800 nazo ni za kuaminika kiasi, ingawa namba huweza kugongwa na yeyote mwenye nyundo.

Usafi wa bangili unaweza kuukadiria mwenyewe. Nunua mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Ihakiki kwanza: bomba la sindano la mililita 10 likijazwa maji, maji hayo yanapaswa kuwa gramu 10. Kisha pima bangili ikiwa kavu. Tuseme gramu 60. Weka gilasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, funga bangili kwa uzi na uizamishe ikining'inia, bila kugusa kitako wala ukingo wa gilasi. Tikisa uzi kidogo mapovu yatoke. Mizani itasoma, tuseme, 5.9. Gawa 60 kwa 5.9, unapata karibu 10.2, na hapo uko kwenye fedha nzuri, kwa sababu fedha safi ni 10.5 na ya riale ni 10.2 hivi. Ukipata 8.7 au 8.9, una shaba au aloi ya nikeli iliyochovywa. Kipimo hiki hakifai kwa mafurungu yaliyo wazi ndani, kwa sababu hewa na lakiri vinaharibu hesabu. Sumaku nayo inakamata chuma tu. Shaba inaipita salama.

Dukani sonara atatumia jiwe jeusi na tindikali. Atasugua ukingo wa bangili kwenye jiwe mpaka ubaki mstari, atadondosha tone, na fedha nzuri itageuka nyekundu iliyoiva. Ikififia kuelekea kahawia, usafi uko chini. Mwombe asugue mahali pasipo na lehemu. Ukiona anasugua kwenye kiungo tu, anatafuta jibu analolitaka. Kwenye miji mikubwa baadhi ya maduka yana mashine ya miale inayosoma usafi kwa sekunde chache bila kukwaruza. Kwa kasha kama lako nauli ya kuifuata itajilipa.

Ukishachambua, peleka kwanza kitu kibovu kuliko vyote, mkufu uliokatika au hereni isiyo na mwenzake. Muulize sonara mambo matatu, na asikujibu kwa jumla: gramu ngapi, usafi gani unahesabu, na bei ya gramu kwa usafi huo ni ipi. Akijibu yote matatu bila kuchukia, rudi na bangili. Akisema "mama, hesabu hizo niachie mimi," mshukuru na uende zako. Usimtajie unayoitaka kabla hajataja yake.

Tafuta sonara anayefua mwenyewe, si mwenye duka la kuuza tu. Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa bado wapo mafundi wanaotengeneza pete na vikuku kwa mkono. Fundi wa namna hiyo hahitaji msafishaji wala usafiri. Fedha yako inaingia kwenye kazi yake wiki hiyo hiyo. Hata vumbi la tupa analolifagia chini ya benchi hulikusanya akalirudisha motoni. Kwa kuwa gharama zake ni ndogo, ana nafasi ya kukulipa zaidi, na wengi hulipa.

Jihadhari na kubadilishana. Sonara akiona unasita atakuambia, "Nitakupa bei nzuri zaidi ukichukua pete mpya." Bei itakuwa nzuri kweli, kwa sababu faida ameihamishia kwenye ujira wa kufua ile pete, ambao utaulipa leo na hutaurudishiwa siku utakayoiuza. Kama una haja ya pete, sawa. Kama una haja ya fedha taslimu, chukua taslimu.

Kabla hamjauza chochote, kaeni ndugu wote, pigeni picha ya kila kipande pande zote mbili, na andikeni uzito wake pembeni. Ukinitumia picha za sarafu za Mdachi na za chini ya birika la chai, nitakuambia zipi ziende kwa sonara na zipi zisiende.